Samli kwa Ng'ombe wa Irene

Kule Tumati mwanamke akijifungua, watu hawaanzi kwa kuuliza ni mtoto gani. Wanauliza, "Tekla ameshaitwa?" Wakiambiwa ameitwa, ndipo wanarudi kwenye vitunguu saumu vyao na roho zimetulia.

Hakuna aliyempa kazi hiyo. Tekla si mkunga. Watoto siku hizi wanazaliwa zahanati, naye hana habari na glavu wala mikasi. Kazi yake inaanza mzazi akisharudi nyumbani. Utamwona anashuka kilima chenye ukungu, koti la marehemu mumewe mgongoni, kibuyu cha samli amekikumbatia kifuani. Anaingia jikoni kwa watu bila kubisha, anakoroga uji mzito wa ulezi, anaumiminia samli mpaka inaelea juu yote, kisha anaketi kwenye kigoda mbele ya mzazi na kusubiri mpaka bakuli liwe tupu. Jioni ni supu. Mbuzi akichinjwa, ini ni la mzazi, hata baba mkwe haligusi.

"Kula," humwambia mzazi. "Ukinitazama mimi utashiba?"

Wanaume humtania. Hermani, jirani yake wa ng'ambo ya korongo, alipata kumfuata mpaka kwake kulalamika.

"Mama Irene, mke wangu umenirudishia, nashukuru. Lakini sasa hapiti mlangoni."

"Panua mlango," Tekla akamjibu, na hata hakugeuka kutoka kwenye chungu chake.

Natalia, mke wa Hermani, bado huisimulia hadithi hiyo sokoni mpaka machozi yanamtoka kwa kucheka.

Lakini ukitaka kujua kwa nini Tekla hawezi kuona mzazi mwembamba akalala usingizi, lazima urudi nyuma, mwaka ule mvua zilipokatika na mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini. Irene, binti yake wa pekee, alijifungua mwaka ule. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Alizaa mtoto wa kike mzima, kisha damu ikamtoka, ikakataa kukatika, na kabla gari halijapatikana la kumpeleka Mbulu mjini akawa ameshaondoka. Muuguzi alieleza kwa upole kwamba ni kondo la nyuma lililobaki ndani, kwamba hata mnene angeweza kufa vile. Tekla alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alikuwa mwembamba," na tangu siku hiyo hakubadilisha neno.

Kaka yake Tekla, Bura, anaishi chini huko Hanang, tambarare, kwa wafugaji wakubwa. Alisikia mpwa wake amejifungua, hakusikia lile la pili. Akachagua mtamba mzuri mwenye mimba kumpongeza, akapanda naye milima kwa miguu, na alipofika nyumbani kwa dada yake akakuta watu wameketi uani kimya, wanawake wamejifunga kanga kiunoni. Alisimama pale na kamba mkononi. Hakujua aingie na ng'ombe au amwache nje.

"Ni wa Irene," alisema hatimaye. "Siwezi kurudi naye."

Ndivyo ng'ombe alivyobaki. Maziwa ya uzao wake wa kwanza ndiyo yaliyomlea mtoto wa Irene, ambaye walimwita Brightness, na ambaye sasa yuko sekondari ya bweni huko mjini. Yule ng'ombe wa kwanza alizeeka akafa salama. Wa mwisho aliyemzaa alikuwa chotara, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, wa mbegu ya mrija, ile ya kupandikizwa bila dume. Watu walimwita vilevile kama mama yake: ng'ombe wa Irene. Hakuwahi kupewa jina jingine. Tekla alimjengea banda lililoshikana na ukuta wa jiko, ili joto la moto limfikie, na asubuhi alipowasha kuni alisikia pumzi yake upande wa pili wa ukuta. Kwa mwanamke anayeishi peke yake, hiyo ilikuwa salamu.

Sasa, uzao wake uliofuata ulichelewa. Mrija wa kwanza haukushika, wa pili haukushika. Maziwa yakapungua, yakakauka kabisa, na ng'ombe akabaki miezi mingi anakula tu. Mrija wa tatu uliposhika, Tekla alifurahi kama aliyeambiwa ana mjukuu mwingine. Akaanza kumwandaa kwa namna anayoijua.

Pumba za mahindi asubuhi. Mashudu ya alizeti jioni, yale meusi yanayong'aa kwa mafuta. Mahindi ya kuchemsha na magadi kidogo. Viazi vidogo ambavyo wengine waliviacha shambani. Ng'ombe akajaa. Mgongo ukawa bapa, na pale mkia unapoanzia pakavimba vinundu laini viwili vya mafuta. Watu wakipita njiani walisimama kumsifu.

"Huyu sasa ni ng'ombe!" Hermani alisema, ameegemea uzio. "Wa kwangu ukimsimamisha kando yake utadhani ni kivuli chake."

"Mlishe basi."

"Nimlishe nini, Mama Irene? Pumba zote za kijiji ziko kwako."

Mtu pekee ambaye hakusifu alikuwa Hilary, daktari wa mifugo wa kata, kijana wa Endagikot mwenye pikipiki inayosikika kabla hajaonekana. Alipita siku moja kuchanja. Aliamkia, akapokea chai, akamzunguka ng'ombe polepole na kiganja chake mgongoni, akabonyeza vile vinundu vya mkiani.

"Mama," alisema, "naomba usiniudhikie. Huyu amenenepa kupita kiasi."

"Ana mimba, baba."

"Ndiyo maana nasema. Akishazaa, maziwa yatamvuta kwa nguvu, naye hatakuwa na hamu ya kula. Ndipo mwili utayayeyusha haya mafuta yote na kuyamwaga kwenye damu. Damu itayapeleka kwenye ini. Ini halitayaweza. Acha mashudu, acha mahindi. Mpe majani makavu tu na maji mpaka akaribie kuzaa."

"Majani makavu," Tekla alirudia.

"Ndiyo, mama. Ajae tumbo bila kuongeza mafuta."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alimsikia kweli. Alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akampa na mayai. Sauti ya injini ilipopotea nyuma ya kilima aliinua debe la mashudu, akalitazama kitambo, akaliweka chini. Siku hiyo hakumpa. Asubuhi iliyofuata ng'ombe alipumua upande wa pili wa ukuta, akalia kuomba, na Tekla akamwona Irene na shingo yake ya mishipa. Akachota.

"Kijana mzuri," alimwambia ng'ombe. "Ila hajawahi kuzaa."

Ng'ombe alizaa mchana mweupe, bila shida, ndama jike mwenye baka lile lile la mama yake. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ilikuwa nene na ya manjano, ndama akanyonya mpaka povu likamtoka mdomoni. Tekla alimpigia simu Brightness shuleni kupitia kwa mwalimu wa zamu. "Ng'ombe wa mama yako amejifungua," alisema kwa sauti ya juu, kama watu wanavyoongea wasipoiamini simu. "Jike! Ndiyo! Wote wazima!"

Zilipita siku chache za furaha. Maziwa yalijaa ndoo. Kisha asubuhi moja ng'ombe alinusa pumba akageuza uso. Tekla alidhani zimeingia ukungu, akabadilisha gunia. Akageuza uso tena. Majani aliyatafuna kidogo, kama mgeni anayekula kwa adabu. Kiwele kikalegea. Macho yakaingia ndani. Na pumzi yake, Tekla alipoinama karibu, ilikuwa na harufu tamu ya ajabu, kama ndizi zilizoiva zikapitiliza.

Hapo ndipo alipaswa kumpigia Hilary, na alijua. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti. Lakini kumpigia maana yake ilikuwa kusimama mbele ya yule kijana kando ya gunia la mashudu lililobaki nusu. Akasema moyoni, ngoja kwanza. Ni mzazi huyu. Mzazi amechoka, hana hamu ya kula. Hao ninawajua mimi.

Akashusha kibuyu cha samli.

Aliiyeyusha motoni mpaka ikawa kama maji, akaichanganya na uji wa ulezi, akaitia kwenye chupa ya shingo ndefu. Akaupitisha mkono chini ya taya la ng'ombe, akainua kichwa chake, akamnywesha kwenye pembe ya mdomo taratibu ili asipaliwe, huku akimsemesha kwa Kiiraqw maneno yale yale anayowaambia wanawake. Meza. Meza mama. Mtoto anakungoja. Ng'ombe alimeza. Hakuwa na ubishi, na huo utii ndio uliompa Tekla matumaini. Jioni akarudia. Kesho yake akarudia. Kibuyu kilipofika katikati, ng'ombe alilala chini, na safari hii akashindwa kuinuka.

Natalia ndiye aliyempigia Hilary. Alikuja kuazima chumvi, akaona, hakuomba ruhusa.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Hilary alipiga magoti kwenye majani ya banda, akanusa pumzi ya ng'ombe na kufumba macho. Alikinga mkojo, akachovya kijikaratasi. Kikageuka zambarau nzito papo hapo, dalili kwamba mwili ulikuwa unayeyusha mafuta yake wenyewe. Akatoa damu shingoni, chupa mbili ndogo, akazifunga kwenye kitambaa akampa kijana wa bodaboda aliyekuwa akielekea mjini, zifike maabara. Kisha akatundika dripu ya glukosi kwenye boriti, akamnywesha ng'ombe dawa nyingine tamu ya kumpa nguvu ya haraka, akachoma sindano. Alifanya yote hayo bila kulitazama gunia la mashudu, ingawa lilikuwa mbele ya macho yake, na Tekla alielewa kuwa alikuwa anamstahi.

"Atainuka?" aliuliza.

"Tutajitahidi, mama."

"Sijauliza hivyo."

Hilary alifuta mikono. "Sijui, mama. Amechelewa kutibiwa."

Hermani naye alikuwa amefika, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakutania. Alisubiri Hilary atoke nje, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Irene, nisamehe. Nyama yake tungeiokoa kama tungemwahi angali hai."

"Amechomwa dawa," Natalia alimkatiza mumewe. "Ule dawa?"

"Nasema tu."

"Sema kwako."

Tekla alikuwa ameketi chini, kichwa cha ng'ombe mapajani, mkono kwenye lile baka jeupe. "Huyu hachinjwi," alisema baadaye, wakati wao walikuwa wameshaanza kuzungumza mengine.

Dripu ilikwisha, ikawekwa nyingine. Asubuhi ya pili ukungu ulipoanza kupanda kutoka korongoni, ng'ombe alivuta pumzi ndefu, akainyoosha shingo kama anayetaka kutazama nje, akakata roho. Upande wa pili wa ukuta moto ulikuwa unawaka jikoni, na hakukuwa na wa kulisikia joto lake.

Hilary alikuja akakuta watu. Alimvuta Tekla pembeni na kumwomba ruhusa ampasue, ajue kwa hakika. Angekataliwa angeondoka. Tekla alisema, "Pasua. Na mimi nitaangalia."

"Mama, si lazima."

"Nimekwambia nitaangalia."

Chini ya ngozi kulikuwa na mafuta meupe, mazito, kila mahali. Hilary aliingiza mikono, akalitoa ini, akaliweka juu ya majani ya mgomba. Lilikuwa kubwa, kingo zake zimevimba, na rangi yake haikuwa ile ya damu iliyolala. Lilikuwa la manjano. Manjano hafifu, yenye kung'aa, ya kitu ambacho Tekla alikijua kuliko mtu yeyote katika kata ile. Kisu kilipopita kilitoka na utando wa mafuta.

"Naomba maji kwenye beseni," Hilary alisema.

Alikata kipande, akakitia majini. Kikaenda chini kidogo, kikapanda, kikakaa juu.

Sasa nawe ujue, Tekla ameosha maini ya mbuzi na ng'ombe maisha yake yote, kwa ajili ya wake za watu. Ini linazama. Unaliacha mkononi nalo linakwenda chini ya beseni moja kwa moja, zito, unalifuata kwa vidole. Alichuchumaa. Akakisukuma kile kipande kwa kidole mpaka chini kabisa, akakiachia. Kikapanda tena. Akakisukuma mara nyingine. Natalia akamshika bega.

"Kiache, Mama Irene."

"Kinaelea," Tekla alisema.

"Ndiyo."

"Kama samli kwenye uji."

Majibu ya damu yalifika kwa simu baada ya ng'ombe kufukiwa. Hilary angeweza kuyaacha. Hayakuwa na faida tena kwa mtu. Lakini alipanda kilima akaketi jikoni, akaeleza kama mtu anayemweleza mama yake. Alisema damu ilikuwa imejaa mafuta ya aina moja, yale yanayoyeyuka kutoka mwilini na kukimbilia kwenye ini. Na yale ya aina ya pili, ambayo ini lenyewe huyafunga na kuyatuma nje kwenda kutumika, yalikuwa machache mno. Maana yake mlango wa kuingilia ulikuwa wazi na wa kutokea umeziba. Protini za damu nazo zilikuwa zimeshuka, kwa sababu zile kubwa hutengenezwa na ini, na ini lililojaa mafuta haliwezi kutengeneza kitu.

"Kwa hiyo alikuwa na njaa," Tekla alisema polepole. "Ndani ya unene wote ule alikuwa na njaa."

Hilary alimtazama. "Hivyo hasa, mama."

Tekla aliinua uso kutazama ndoano ukutani ambako kibuyu kilining'inia. "Mimi nilimnywesha samli. Siku ambazo sikukuita."

Kijana aliweka kikombe cha chai chini.

"Haikumsaidia," Hilary alisema. "Lakini alikuwa anaumwa kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo pia ni mimi."

Hilary alikunywa chai yake, isiyo na maziwa, na alipoondoka alishika mkono wa mama yule kwa mikono yake miwili.

Brightness aliruhusiwa kuja nyumbani mwisho wa juma. Alisimama kwenye banda tupu kwa muda mrefu, sweta la shule kwenye mabega. Hakumkumbuka mama yake. Alichokuwa nacho ni yule ng'ombe.

"Bibi," alisema, "si kosa lako. Ulimpenda."

"Ndiyo," Tekla alijibu. "Nilimpenda sana."

Ndama alilelewa kwa maziwa ya yule ng'ombe wa Hermani, yule kivuli. Natalia aliyaleta kila asubuhi akiwa ameyafunika kwa kanga, na hakuwahi kusubiri kushukuriwa.

Tekla bado huitwa wanawake wakijifungua. Mara ya kwanza baada ya msiba ule alikataa kwenda, mpaka Hilary mwenyewe akapita kumwambia, "Mama, mwanamke si ng'ombe. Uji wako hauna ubaya." Akaenda. Anapika kama zamani, anaketi kwenye kigoda kama zamani. Ila wazazi wamegundua kitu. Zamani alimimina bila kutazama. Siku hizi akishainamisha kibuyu hutulia, anaitazama samli inavyotandaa juu ya uji, na wakati mwingine inabidi mzazi mwenyewe amwite, "Mama, uji unapoa."

Yule ndama sasa ni mtamba mkubwa, ana mimba yake ya kwanza, baka jeupe usoni. Analala pale pale, ukuta mmoja na moto. Wapita njia husimama kwenye uzio, wale wasiojua, watu wanaokwenda mnadani.

"Mama, shikamoo. Huyu ng'ombe mbona mbavu zinaonekana? Ana mimba kweli huyu, au unamfungisha saumu?"

"Marahaba," Tekla anaitikia. Lile la pili halijibu.

Mwanamke aliyejulikana kata nzima kwamba kwake hazai mtu akiwa mwembamba, anasimama uani na kulimeza. Kila asubuhi akishawasha kuni anasikia pumzi upande wa pili, kisha mlio wa kuomba. Anatoka na debe. Anachota pumba kiasi kile Hilary alichomwonyesha kwa kiganja, anamwekea, na mkono unarudi wenyewe kwenye gunia, unachota tena.

Anabaki pale ameinama, debe limejaa, mtamba amemkodolea macho na kunyoosha ulimi. Kisha anazirudisha pumba kwenye gunia, taratibu, zisimwagike, na kufunga mdomo wa gunia kwa kamba. Anamwekea majani makavu. Mtamba anaendelea kulia, naye anarudi jikoni na kuketi karibu na ukuta, akimsikiliza.